Naombeni ushauri: nina laki tano na nusu, nataka simu ya kukaa nayo miaka minne, nichukue ipi kati ya hizi?

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu.

Naombeni mnisaidie maana nimeangalia video za YouTube mpaka kichwa kinauma, kila anayeongea anasema simu aliyoishika yeye ndio kiboko. Mimi nauza vitenge na madera, mzigo nachukua Kariakoo, wateja wangu wako WhatsApp status, Instagram na siku hizi TikTok imeanza kuniletea watu wa mikoani. Kwa hiyo simu kwangu ndio duka lenyewe, sio ya kuperuzi tu. Ninayotumia sasa ina RAM (kumbukumbu ya kuendeshea apu) GB 3 na storeji GB 32, imejaa mpaka lazima nifute picha za mzigo wa jana ndio nipige wa leo, na mtu akinipigia wakati natuma video inaganda mpaka niizime niiwashe upya. Kampuni siitaji maana sio nia ya uzi huu.

Bajeti yangu laki tano na nusu, humo humo itoke kava na protekta. Nilizoorodhesha mpaka sasa ni Samsung Galaxy A16, Redmi Note 14, Infinix Note 40, Tecno Camon 30, halafu kuna rafiki yangu ananing'ang'aniza nichukue iPhone 11 used ya Dubai, anasema kwa picha hakuna kama iPhone na nikiichoka nitaiuza vizuri.

Ninachotaka mimi: kwanza rangi. Kitenge cha bluu ya bahari kikitoka bluu ya shule mteja wa Mbeya anarudisha mzigo na nauli ya basi nalipa mimi. Pili chaji, natoka nyumbani Mbagala saa kumi na moja alfajiri narudi usiku na muda wote data iko on. Tatu nafasi, picha na video ni nyingi na magrupu ya WhatsApp hayalali. Nne, na hili ndio kubwa, nataka nikae nayo miaka minne bila kuambiwa WhatsApp au apu ya benki haikubali tena kwenye simu yako. Hela hii nimeikusanya taratibu sana, siwezi kurudi dukani mwakani.

Game sichezi kabisa. 5G sijui kama naihitaji, nayo mniambie.

#2

Samsung. Funga uzi.

#3

Dada mimi ni fundi, nipo Kariakoo miaka mingi, ngoja nikwambie kitu ambacho kwenye hizo video huwa hawasemi. Ukiondoa iPhone, hizo simu nne ulizozitaja ndani zina prosesa, yaani ubongo wa simu, ile ile moja. A16 ya 4G ina Helio G99, Redmi Note 14 ya 4G ina Helio G99 Ultra, Note 40 ina G99 Ultimate, Camon 30 ya 4G ni hiyo hiyo G99 Ultimate. Hayo maneno ya Ultra na Ultimate yasikubabaishe, ni MediaTek yule yule wa mwaka 2022, kwa kazi zako hutaona tofauti ya spidi hata kidogo. Na sio prosesa mbaya, imetengenezwa kwa nanomita 6 kwa hiyo haichomi sana na haili chaji ovyo, kwa WhatsApp, TikTok na kukata video fupi inatosha kabisa. Mbaya ni zile Helio G85 na ndugu yake G81 za nanomita 12 unazokuta kwenye simu za laki mbili na nusu, tatu, zile ukizifungulia Instagram na WhatsApp kwa pamoja zinaanza kutafakari.

Kwa hiyo anayekwambia hii ina nguvu kuliko ile kati ya hizo nne, muache. Tofauti ziko kwingine, na mimi nitaongelea upande wangu wa ufundi tu.

Zote hizo nne vioo vyake ni AMOLED, ile aina ambayo kila nukta inajiwashia mwanga wake. Kizuri, rangi kali, nyeusi ni nyeusi kweli. Ila kikipasuka hapo ndipo unapomjua fundi wako. Kioo orijino cha AMOLED ni ghali, kwa hiyo mafundi wengi wanakuwekea kopi ya LCD, aina ya bei rahisi inayotegemea taa ya nyuma, unaondoka unafurahi umelipa kidogo, baada ya wiki unagundua kioo kimenenepa, jua likiwaka huoni kitu, chaji inaisha haraka. Na zile simu zenye fingaprinti ndani ya kioo, yaani Redmi Note 14, Note 40 na Camon 30, ukiwekewa kopi ya LCD fingaprinti inakufa hapo hapo, maana ile inasoma kidole kwa mwanga unaopita kwenye kioo chenyewe na LCD haipitishi. Huwezi kuiflashi, yaani kuiwekea mfumo upya, ikapona. A16 fingaprinti yake iko ubavuni kwenye batani ya kuwashia, kioo kikibadilishwa yenyewe haihusiki. Kwa mtu anayefungua simu mara mia kwa siku kama wewe mfanyabiashara hilo sio dogo.

Kingine ni sistimu chaji. Asilimia kubwa ya simu zinazoletwa mezani kwangu "haziingizi chaji" zina vumbi tu au chaja feki imeua pini. Infinix, Redmi na Tecno kwa soko letu zinakuja na chaja kwenye boksi, ya Camon 30 inaenda mpaka wati 70, Note 40 wati 45, Redmi wati 33. Samsung haiweki chaja, utakuta waya tu, na A16 mwisho wake wati 25. Kwa hiyo kwenye hesabu yako weka na chaja orijino, usije ukanunua simu ya laki nne na nusu ukaichomeka kwenye chaja ya elfu tatu ya barabarani.

#4

Mkuu wa #3 umeongea vizuri ila naomba nimtetee rafiki yake na iPhone. Mimi nina duka la nguo online na nimetumia Android na iPhone zote, kwa video ukipandisha Instagram ya iPhone inatoka vizuri bila kuhangaika, unafungua kamera unabonyeza basi. Na A13 iliyoko kwenye iPhone 11 ingawa ni ya 2019 bado inaishinda hiyo G99 kwa mbali tu. Ilipokea iOS 26 mwaka 2025, simu ikiwa na miaka sita bado ilipewa apdeti. Ukiuza baada ya mwaka unapata hela ya maana, hebu jaribu kuuza Infinix baada ya mwaka uone watakupa ngapi.

Dada usiogope used, ogopa muuzaji.

#5 Mleta uzi

Asanteni jamani, #3 Mungu akubariki, hilo la fingaprinti sijalisikia popote. #4 kwenye iPhone ninachoogopa ni chaji na GB. Nilizoonyeshwa kwa bajeti yangu ni za GB 64, na haziongezewi memori kadi. Hapo bado sijaweka laini ya pili, natumia Voda kwa biashara na Airtel kwa bando.

#6

Mleta uzi niongeze kwenye alichosema fundi, upande wa RAM, maana hapa ndipo watu wengi wanapigwa bila kujua.

Ukiingia duka lolote utakuta boksi au karatasi imeandikwa 16GB RAM kwa herufi kubwa. Soma vizuri maandishi madogo, utakuta 8GB+8GB. Hiyo nane ya pili sio RAM, ni kipande cha storeji kinachukuliwa kusaidia, ni sawa na mtu kukutolea godoro stoo akakwambia nyumba ina chumba cha ziada. Storeji ni ya polepole kuliko RAM, na hiyo nafasi inakatwa kwenye GB zako za picha. Kwa hiyo simu iliyoandikwa 8GB huku ni 4+4 ni simu ya RAM 4, mwambie muuzaji hivyo usoni na uone bei inavyoshuka.

Kwa A16 hili ni la muhimu kuliko zote, kwa sababu zipo za RAM 4, 6 na 8, sura moja, boksi moja, na zote Samsung ameahidi apdeti za Android mara sita na za usalama miaka sita. Sasa fikiria, ilitoka na Android 14 mwishoni mwa 2024, ikifika huko mbele na RAM 4 ile apdeti yenyewe ndio itaielemea. Ukichukua ya RAM 4 umenunua ahadi ambayo simu haitaweza kuibeba. Kwa miaka minne yako nenda RAM 8 kwa storeji 256, ukikosa kabisa 6 kwa 128, chini ya hapo acha.

Hiyo miaka sita ndio sababu mimi nakubaliana na #2 ingawa hakueleza. Kati ya hizo za Android hakuna nyingine yenye ahadi ndefu hivyo. Infinix kwa Note 40 waliahidi Android mbili na usalama miaka mitatu, na ilitoka mapema 2024, hesabu mwenyewe ukinunua leo imebaki mingapi. Watu wanadhani apdeti ni mapambo ya kubadilisha sura ya aikoni. Hapana, ni kuziba matundu, na wewe kwenye simu hiyo una M-Pesa, una apu ya benki, una lipa namba, una majina na namba za wateja wote. WhatsApp nao kila baada ya muda wanaziacha za nyuma, Juni 2025 walianza kutaka iPhone iwe na iOS 15.1 kwenda juu, iPhone 6 na 6 Plus zikaaga.

Na kwa #4, ni kweli 11 imepata iOS 26, ila angalia nani aliachwa 2025: XR, XS na XS Max. Zilizobaki nyuma kabisa kwenye foleni ni familia ya 11 na SE ya 2020. Anayetaka miaka minne kuanzia leo sio simu yake.

#7

Nipo Mwanza. Wote mnaongea kama vile Tanzania yote ni Kariakoo. Huku mikoani swali la kwanza ni kioo na betri yake zipo? Ukiwa na Samsung A au Tecno au Infinix kila mtaa kuna fundi ana kioo chake, na hao Tecno, Infinix na itel wana vituo vyao vya matengenezo, Carlcare, kama bado una waranti. Redmi nzuri, mdogo wangu anayo Note 13 na kioo chake ni laini sana kwa macho, 120Hz, ila kilipopasuka tulisubiri kitoke Dar. Dada yeye yupo Dar kwa hiyo sio shida, nasema kwa wengine wanaosoma.

Kuhusu 5G, Vodacom waliwasha 2022 na wengine wakafuata, lakini kwa laki tano na nusu ukiing'ang'ania 5G utapunguziwa kwenye RAM au GB. Kwa kutuma picha za vitenge 4G inatosha sana.

#8

Mimi naona mnamsahaulisha kitu chake cha kwanza, rangi na video. Nauza viatu, kazi ni kama ya dada. Nimeshika A16 na Camon 30 zote mbili. A16 kamera kubwa ni 50MP haina ule utulivu wa ndani unaozuia mkono kutikisika, OIS. Camon 30 inayo. Ukitembea huku unarekodi dera lililotundikwa tofauti unaiona waziwazi, ile moja inayumba nyingine inateleza. Na selfi ya Camon ni 50MP inayojifokasi, ukijirekodi umevaa dera mwenyewe inatoka safi mno, A16 mbele ni 13MP. Apdeti ni nzuri lakini mteja hanunui apdeti, ananunua alichokiona kwenye video.

#9 Mleta uzi

#8 hapo umenigusa penyewe maana najirekodi nimevaa kweli, dera kwenye henga halimuuzi mtu.

Sasa nimebaki njia panda, moja ina miaka, nyingine ina video. Na ile 108MP ya Redmi na Infinix je, haiwezi kushinda zote?

#10

108MP usiihesabu dada. Ukipiga picha kawaida simu inaunganisha vinukta tisa kuwa kimoja, inakupa picha ya 12MP. Halafu unaipeleka WhatsApp inabanwa tena. Redmi Note 14 hizo kamera nyingine mbili za nyuma ni 2MP 2MP, hata ile ya kupiga eneo pana haina. Zinajaza nafasi.

Rangi ya kitambaa inaharibiwa na mwanga kabla ya kamera. Taa za LED za kwenye fremu za Kariakoo zinafanya kila kitu kibluu, ukiegemea ukuta wa kijani kitenge kinavuta kijani. Toa kitambaa mlangoni penye mwanga wa nje ila sio juani moja kwa moja, asubuhi saa tatu saa nne hivi ni pazuri. Bonyeza kwenye kitambaa ukishikilia mpaka kamera ifunge mwanga, ndio upige. Zima urembo na vichujio vyote. Halafu kitu ambacho wengi hawakijui, kioo chako mwenyewe kinakudanganya, Samsung inakuja na rangi zilizokolezwa, nenda settings upande wa display, screen mode, weka Natural, hapo utaona kile mteja atakachokaribia kukiona. WhatsApp nayo kabla ya kutuma bonyeza HD. Ukifanya hivi A16, Camon, Redmi zote zitakupa bluu ya bahari.

Kwa video inayoyumba, stendi ya simu ya miguu mitatu. Bei yake ni ndogo na unajirekodi bila kumuomba mtoto akushikie.

#11

Mbona hamjamtajia A17? Imetoka 2025, ya 4G ina G99 hiyo hiyo, AMOLED inchi 6.7, 5000mAh, wati 25, fingaprinti ubavuni, apdeti sita kama ya A16 ila saa yake imeanza kuhesabu baadae. Na kamera yake kubwa 50MP wameiwekea OIS. Yaani ule ubishi wa #8 na #6 Samsung mwenyewe ameumaliza.

#12 Mleta uzi

Eeeh! Hii nayo nilikuwa naionaona nikajua ni jina tu limebadilika.

#13

Mimi ni #6. Kuna vitu havijabadilika kweli, ndio maana nami sikuitaja. Ila #11 yupo sahihi kwa OIS. Tahadhari yangu ni ile ile ya RAM: kwa kuwa ni mpya, kwa bajeti yake atakayoonyeshwa kwanza itakuwa A17 ya RAM 4 GB 128. Hiyo aikatae. Kati ya A17 ya RAM 4 na A16 ya 8/256 achukue A16 bila kufikiria mara mbili na stendi ya #10 juu yake. A17 ya 6 au 8 ikiingia kwenye hela yake, basi hiyo. Mambo ya A16 na A17 kukosa tundu la earphone, aulize kama anatumia za waya.



#14

Niko Nairobi, nimefuata uzi tangu mwanzo. Niongeze tu jambo moja juu ya simu za mkopo kwa sababu huku kwetu zimejaa, Safaricom na Google walianza Lipa Mdogo Mdogo 2020 na baadaye kampuni nyingi zikaingia. Simu ya mkopo inafungwa kwa mbali mwenye nayo akikosa kulipa. Sasa kuna watu wanachukua kwa mkopo, wanalipa kidogo, wanakuuzia wewe kama mpya na boksi lake, bei tamu kabisa. Mwezi ukiisha inajifunga mkononi mwako. Hata uifute yote irudi kama ilivyotoka kiwandani kufuli linarudi palepale, kwa Samsung linakaa chini kabisa kwenye mfumo. Kwa hivyo dada ukipata A17 ya RAM 8 kwa bei ya ajabu kwa mtu wa Facebook, achana nayo.

Na kama mtu anakulazimisha ununue kwa mkopo ili upate kubwa zaidi, piga hesabu ya jumla utakayolipa mpaka mwisho, usiangalie ya kila siku.

#15

Fundi hapa tena (#3). Wa Nairobi kaongea jambo kubwa, hizo za kufungwa naletewa kila wiki na sizigusi.

Kwa atakayeamua iPhone used, maana naona wengi wanasoma kimya: ingia settings, general, about. Angalia pameandikwa "No SIM restrictions", kama ni tofauti hiyo imefungwa mtandao wa nje na utaletewa vijikadi vya kuwekea chini ya laini ambavyo leo vinakubali kesho hapana. Humo humo shuka uone parts and service history, kama kioo au betri vimebadilishwa na sio vya Apple utaona "unknown part". Battery health ikiwa chini ya 80 omba punguzo la betri mpya, na ikiwa 100 kwenye simu ya 2019 jiulize imetoka wapi. iCloud ya mtu itolewe mbele yako, ukikuta kuna jina la mtu usikubali kuambiwa "atatoa baadae". Na kwa wanaopanda mpaka 14 kwenda juu, za Marekani hazina tundu la laini kabisa, ni eSIM tupu, yaani laini ya ndani isiyo na kadi, uliza mtandao wako kwanza kabla hujalipa.

Dada siku ya kwenda. Usiende na winga, yule dalali wa madukani. Najua wanatafuta riziki, lakini cha juu chake kinatoka kwenye hiyo hiyo laki tano na nusu yako na atakupeleka anapolipwa zaidi. Tembea mwenyewe mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, uliza maduka matatu manne bei ya kitu kile kile kwa RAM na GB zile zile, andika. Ukishachagua duka, kabla hujatoa hela piga *#06#, namba zitakazotokea zifanane na za kwenye boksi, halafu ichukue hiyo IMEI (namba ya utambulisho wa simu) itume kwa meseji kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikujibu ni simu gani. Wakijibu jina tofauti na ulichoshika mkononi, rudisha. Tangu wafungie zile feki Juni 2016 watu wamejisahau, zinaingia kwa njia nyingine. Kwa Samsung piga pia *#0*# inakufungulia ukurasa wa kupima kioo rangi moja moja, angalia kama kuna doa, jaribu spika, mtetemo, kamera zote mbili. Ingia Play Store, settings, about, pawe pameandikwa imeidhinishwa na Play Protect, ulinzi wa Google. Weka laini zote mbili upige simu hapo hapo. Muuzaji akikunja sura wakati unafanya haya, huyo kakupa jibu.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye IMEI, sio kikaratasi cha mkono. Bila hiyo waranti ni maneno.

#16 Mleta uzi

Jamani sina cha kuwalipa. Nimesoma yote mara mbili na nimeandika kwenye daftari.

Nilipofikia: iPhone nimeiacha, sio kwamba ni mbaya ila kwa GB 64 na chaji ya kuanzia alfajiri haitanifaa, na #6 kanifungua macho kwenye foleni ya apdeti. Redmi nimeitoa kwa sababu ya hizo kamera na fingaprinti. Note 40 kwa sababu ya miaka iliyobaki. Camon 30 imeniuma kuiacha, #8 usinichukie, ningekuwa nabadilisha simu kila baada ya mwaka mmoja na nusu ningeichukua hiyo kesho asubuhi. Lakini mimi nakaa na simu mpaka izeeke na humo ndani kuna hela za watu.

Kwa hiyo nitaulizia A17 ya RAM 8, ikizidi bajeti nashuka ya 6, hiyo nayo ikishindikana A16 ya 8/256 na stendi. Ya RAM 4 hata wanipe na zawadi siichukui. Nimetenga elfu arobaini ya chaja orijino na protekta, elfu ishirini stendi, kwa hiyo simu yenyewe isizidi laki nne na tisini.

Swali la mwisho, kuhama. Nina chati za wateja tangu nianze biashara, oda, anuani, nani ananidai nani namdai, kila kitu kiko WhatsApp. Nisipoteze.

#17

Hilo lifanye kabla hujaiuza wala kumpa mtu ya zamani. Simu zote mbili ziwe na chaji na ziwe karibu. Kwenye ya zamani fungua WhatsApp, settings, chats, utaona transfer chats, ya mpya ukishaweka namba yako ile ile itakupa chaguo la kuhamisha kutoka simu ya zamani, unaskani QR inahamisha moja kwa moja bila kula bando. Kama ya zamani inaganda sana njia hiyo inaweza kukwama katikati, basi fanya bakapu ya Google usiku ukiwa na Wi-Fi au bando la usiku, video usizijumuishe, zile hamisha kwa waya au memori kadi. Angalia kwanza nafasi ya Google yako, ni GB 15 za bure na bakapu ya WhatsApp inahesabiwa humo.

Ikishakubali fungua chati tano sita za zamani kabisa uhakikishe picha zinafunguka. M-Pesa yako iko kwenye laini kwa hiyo haina shida, apu ya benki utaiweka upya na watakuthibitisha kwa meseji. Ukimaliza ndio ya zamani uitoe akaunti ya Google kisha uifute, ukiifuta bila kutoa akaunti atakayeinunua ataombwa neno lako la siri na atakurudia.

Ukifika Aggrey ukakuta bei tofauti na ulivyopanga, weka hapa kabla hujalipa, tupo.